Dawa za Nyongeza kwa Mgonjwa wa Skizofrenia: Sababu Zake, Mipaka Yake na Hukumu Zake

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.), na tunamwomba rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa mambo wanayoulizwa maimamu wetu baada ya swala, na ambayo vitabu tulivyosoma madrasa havikuyataja kwa majina yake, ni dawa za maradhi ya akili. Huja mzazi na mfuko wenye vidonge vya aina nne au tano alivyoandikiwa mwanawe, akauliza: Je, vyote hivi ni vya lazima? Je, tukiviacha tukabaki na kisomo peke yake, kuna ubaya? Je, katika Ramadhani tufanyeje? Jibu la haraka hapa, kwa upande wowote, lina madhara. Anayesema "acheni vyote, mtegemeeni Mungu" anaweza kumrudisha kijana katika wazimu aliokwisha kutoka. Na anayesema "mezeni vyote, msiulize" anaweza kumwacha na kidonge ambacho kazi yake ilikwisha tangu mwaka juzi, nacho kinaendelea kumdhuru.

Katika makala haya tunakusudia kueleza dawa ambazo madaktari huziongeza juu ya dawa ya msingi ya skizofrenia katika miaka ya mwanzo ya maradhi: kila moja inaongezwa kwa sababu gani, na mpaka wake ni upi. Kisha tutataja hukumu zinazofungamana nazo. Sisi si matabibu, wala hatuandiki ili mtu apunguze au azidishe dawa kwa kusoma kurasa hizi. Tunaandika kwa sababu wanachuoni wa usuli wametufunza kwamba hukumu ya kitu hufuata ufahamu wa kitu chenyewe, na asiyejua kidonge kina kazi gani hawezi kumwongoza anayemuuliza habari zake.

Maradhi na dawa yake ya msingi

Skizofrenia ni maradhi ya akili ambayo mara nyingi huanza katika ujana, baina ya miaka ya mwisho ya skuli na miaka ya ishirini na kitu, na kwa wanaume huanza mapema kidogo kuliko kwa wanawake. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2022, watu wapatao milioni 24 ulimwenguni walikuwa nayo, takriban mtu 1 katika kila 300. Mgonjwa husikia sauti ambazo wenziwe hawazisikii. Hushikilia dhana za uongo zisizotikisika kwa hoja, kama vile kwamba jirani anamtegea sumu au kwamba redio inamsema yeye. Mazungumzo yake huvurugika. Upande wa pili wa maradhi hauna kelele: hujitenga, hupoteza hamu ya kazi na masomo, huacha kuoga, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni.

Dawa ya msingi ni ile inayopunguza sauti na dhana hizo. Ya kwanza kujulikana ni klopromazini, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1950 na kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952 na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker. Wazee wetu wengi wanaijua kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 ikatengenezwa haloperidoli nchini Ubelgiji, na baadaye zikaja risperidoni, olanzapini na nyinginezo. Nyingi katika dawa hizi hufanya kazi kwa kuzuia dopamini, kitu kinachopeleka habari baina ya chembe za ubongo. Mtaalamu wa Uswidi, Arvid Carlsson, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake juu ya dopamini.

Dawa hii ya msingi ndiyo nguzo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwafuatilia wagonjwa waliopona shambulio la kwanza, ukakuta kwamba ndani ya miaka 5 takriban 82 katika kila 100 walirudiwa na maradhi angalau mara moja, na kwamba kuacha dawa ya msingi kuliongeza hatari hiyo karibu mara 5. Msomaji alishike hili, kwa sababu yote tutakayosema juu ya kupunguza wingi wa dawa hayaigusi dawa ya msingi. Kosa linalowaumiza wagonjwa wengi ni familia kuchoshwa na madhara ya kidonge kimoja, kisha kuutupa mfuko mzima.

Dawa moja na dawa nyingi katika urithi wetu

Swali la dawa moja au dawa nyingi si geni kwa matabibu wa Kiislamu. Waligawanya dawa katika mafungu mawili: mufrada, yaani dawa moja isiyochanganywa, na murakkaba, yaani iliyochanganywa. Ibn Sina (aliyefariki 428 H/1037) aliweka kitabu cha pili cha Qanuni yake kwa dawa za mufrada, na kitabu cha tano kwa zile za murakkaba. Imamu Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H/1350), katika sehemu ya tiba ya Zad al-Ma'ad, aliisifu njia ya kuanza na chakula kabla ya dawa, na dawa moja kabla ya iliyochanganywa. Kwao, kuongeza dawa kulihitaji sababu.

Wala si kweli kwamba wazee hao waliona kila wazimu ni jini. Ibn al-Qayyim huyo huyo alitenganisha anguko linalotokana na roho chafu na lile linalotokana na maumbile ya mwili, akasema hili la pili ndilo la matabibu. Abu Zayd al-Balkhi (aliyefariki 322 H/934) aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaipa nafsi sehemu yake peke yake. Na hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 683 H (1284), ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili, wakitibiwa kwa mali ya wakfu. Kwa hiyo, anayempeleka mwanawe kwa daktari wa akili hakuacha njia ya waliotangulia.

Fungu la kwanza: dawa zinazoondoa madhara ya dawa ya msingi

Dopamini inayozuiwa katika fikra huzuiwa pia katika sehemu ya ubongo inayoendesha misuli. Hapo hutokea mambo matatu ambayo kila imamu anapaswa kuyajua.

La kwanza ni misuli kukazika ghafla, hasa katika siku za mwanzo za dawa kama haloperidoli: shingo inapinda, ulimi unatoka, macho yanapanda juu yakaganda. Watu wakiona hivyo husema jini limekasirishwa na dawa, na mgonjwa hubebwa kupelekwa kwenye kisomo badala ya kupelekwa hospitali. Haya ni madhara ya dawa yanayojulikana, na sindano ya dawa kama prometazini au nyingine ya kulegeza misuli kwa kawaida huyaondoa katika muda mfupi. La pili ni kutetemeka na kutembea kikakamavu kama mzee. La tatu ni wahka wa mwili: mgonjwa hawezi kukaa, hutembea huku na huku, na msikitini hawezi kutulia safuni. Huyu hudhaniwa kwamba wazimu umezidi, akaongezewa dawa ile ile iliyomfikisha hapo.

Dawa inayoongezwa kwa mambo mawili ya kwanza katika hospitali zetu nyingi ni benzheksoli, inayojulikana kwa jina la Artane. Ni dawa yenye faida mahali pake. Lakini imezoeleka kuandikwa kwa kila mgonjwa tangu siku ya kwanza na kuachwa hapo miaka mingi. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba dawa za aina hii zisitolewe kwa kila mtu kama kinga ya kudumu. Mwongozo wake hadi leo ni kwamba kwanza dozi ya dawa ya msingi itazamwe, au dawa yenyewe ibadilishwe, na nyongeza itumike kwa muda mfupi pale madhara yanapokuwa makali au njia hizo zinaposhindwa. Sababu yake ni kwamba benzheksoli hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo, hupunguza jasho katika joto na hudhoofisha kumbukumbu. Mwanafunzi aliyekuwa akihifadhi juzuu, kisha akawa hawezi kushika aya mbili, huenda anasumbuliwa na maradhi yenyewe, na huenda anasumbuliwa na nyongeza. Daktari aulizwe. Tena isikatwe ghafla, bali ipunguzwe kidogo kidogo kwa maelekezo yake.

Kwa wahka wa mwili, benzheksoli haisaidii sana. Hapa daktari hupunguza dozi au hubadilisha dawa, na pengine huongeza propranololi, dawa inayojulikana zaidi kwa shinikizo la damu. Mwenye pumu hapewi, kwa hiyo familia isisahau kuitaja pumu hata kama imelala miaka mingi.

Dhara la nne huja polepole: kunenepa. Olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza, na sukari na mafuta ya damu hupanda pamoja na uzito. Kijana anayenenepa kwa kasi hukata tamaa akaacha dawa ya msingi. Mwaka 2008 madaktari wa China walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 128 wa shambulio la kwanza walioongezeka uzito kwa sababu ya dawa. Walionufaika zaidi ni waliopewa metformini, dawa ya kisukari, miligramu 750 kwa siku, pamoja na mpango wa chakula na mazoezi. Metformini peke yake ilisaidia pia, nayo ilishinda mpango wa chakula na mazoezi peke yake. Hii ni nyongeza yenye dalili iliyo wazi, ingawa mwenye maradhi ya figo anahitaji tahadhari, na haimwondolei mtu wajibu wa kupunguza soda na kutembea kwa miguu.

Fungu la pili: dawa za kutuliza katika siku za mwanzo

Mgonjwa anapofikishwa hospitali hajalala siku tatu, anapiga kelele na kutishia watu, dawa ya msingi haitoshi kwa usiku ule, kwa kuwa kazi yake juu ya dhana na sauti huchukua siku na wiki. Huongezwa diazepamu au lorazepamu ili apumzike, au prometazini pamoja na haloperidoli. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Rio de Janeiro, Brazili, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba haloperidoli ikichomwa pamoja na prometazini hutuliza haraka zaidi, na hupunguza lile kukazika kwa misuli tulilolitaja, kuliko haloperidoli peke yake. Hapa nyongeza moja imefanya kazi mbili.

Mpaka wa fungu hili ni muda. Diazepamu na jamaa zake zikitumiwa kwa miezi, mwili huzizoea na kuzidai. Zikikatwa ghafla baada ya hapo, huleta kukosa usingizi, wahka na hata degedege. Dawa hizi ni za siku au wiki chache. Familia ikiona kidonge cha usiku ule wa fujo bado kinaandikwa baada ya nusu mwaka, ina haki ya kuuliza kwa adabu: je, hiki bado kina kazi?

Fungu la tatu: dawa za huzuni na za kutuliza mihemko

Akili inaporejea, kijana hutazama nyuma akaona masomo yaliyopotea, uchumba uliovunjika na watu wanaomnyooshea kidole. Wengi huingia katika huzuni nzito. Jambo hili si la kupuuzwa: takriban 5 katika kila wagonjwa 100 wa skizofrenia hufa kwa kujiua, na miaka ya mwanzo ndiyo yenye hatari zaidi. Anayetamka kwamba anatamani kufa asijibiwe kwa kukemewa peke yake. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za huzuni zikiongezwa juu ya dawa ya msingi kwa mtu mwenye huzuni ya kweli husaidia, ingawa faida yake kwa wastani ni ya kadiri.

Tatizo ni kuziandika bila huzuni hiyo kuthibiti. Mwaka 2015 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa wagonjwa 404 wa shambulio la kwanza kutoka kliniki za majimbo 21. Wagonjwa 159 kati yao, yaani takriban 39 kwa mia, walionekana wanastahili dawa zao kuangaliwa upya. Na zaidi ya theluthi ya hao 159 walikuwa wamepewa dawa ya huzuni juu ya dawa ya msingi bila sababu iliyo wazi. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye madaktari wengi, kuuliza si utovu wa adabu mahali popote.

Hufuata dawa za kutuliza mihemko. Lithiamu, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili na daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949, ni dawa kubwa kwa wale ambao mihemko yao hupanda na kushuka. Lakini kwa skizofrenia isiyo na mihemko hiyo, dalili za faida yake ni dhaifu, na damu ya anayeitumia lazima ipimwe, kwa kuwa baina ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru nafasi ni ndogo. Valproeti huongezwa pengine kwa ajili ya ghadhabu na fujo, nayo faida yake ya muda mrefu haijathibiti vizuri. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ina hatari kubwa: takriban watoto 10 katika kila 100 wanaopitia dawa hii tumboni huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 katika kila 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Imamu anayefungisha ndoa, au anayeulizwa na mume, asiione habari hii kuwa ya hospitali peke yake. Karbamazepini nayo hushusha kiwango cha dawa nyingi za msingi katika damu, basi nyongeza ikageuka kuwa upungufu, na haichanganywi na klozapini kwa kuwa zote mbili zinaweza kushusha chembe nyeupe za damu.

Fungu la nne: zilizotarajiwa kisha zikashindwa

Msomaji huenda akaletewa tangazo la mafuta ya samaki, yale yanayoitwa omega-3, kwamba yanazuia wazimu. Habari hii ina asili. Mwaka 2010 madaktari wa Vienna walichapisha uchunguzi wa vijana 81 walioanza kuonyesha dalili za hatari. Waliopewa omega-3 kwa wiki 12, chini ya 5 katika kila 100 waliingia katika maradhi ndani ya mwaka mmoja. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa zaidi ya 27 katika kila 100. Ulimwengu ulifurahi. Kisha jambo likajaribiwa tena katika nchi kadhaa kwa vijana 304, matokeo yakatoka mwaka 2017, na tofauti haikuonekana.

Hali kama hiyo iliipata minosaiklini, dawa ya kuua vijidudu. Uchunguzi wa Pakistan na Brazili uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha matumaini. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliochukua wagonjwa 207 wa miaka ya mwanzo kwa mwaka mzima, haukuona faida. Wanafunzi wa hadithi watalielewa jambo hili kwa wepesi: khabari moja iliyopokewa kwa njia moja haipewi uzito wa khabari iliyothibiti kwa njia nyingi, hata kama mpokezi wake ni mkweli.

Na pale dawa mbili za msingi zimejaribiwa moja baada ya nyingine, kwa dozi ya kutosha na muda wa kutosha, na mgonjwa hakupona, hatua yenye dalili yenye nguvu zaidi si kurundika nyongeza. Ni kuhamia klozapini. Uchunguzi maarufu wa Marekani wa mwaka 1988, kwa wagonjwa 268 walioshindikana, ulikuta 30 kwa mia walipata nafuu kwa klozapini, na 4 kwa mia tu kwa klopromazini. Sharti lake ni kupima damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Hukumu zinazofungamana na mas-ala haya

Kwanza, hukumu ya kujitibu. Kauli mashuhuri za madhehebu zinatofautiana: wako walioona ni mubaha, Mashafii wakaona ni sunna, na Mahanbali wakaona kuacha ni bora kwa mwenye kutegemea kikweli. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah mwezi Mei 1992, liliamua kwamba tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea mtu kuangamia, au kupoteza kiungo, au kulemaa, au madhara yake kuwafikia wengine. Mgonjwa anayeachwa mpaka akajidhuru au akamdhuru jirani hayuko mbali na masharti haya.

Pili, walii. Baraza hilo hilo lilieleza kwamba asiyekuwa na akili timamu huamuliwa na walii wake, lakini uwalii huo umefungwa na maslaha ya anayesimamiwa. Walii akikataa tiba na madhara yakawa wazi, kukataa kwake hakuzingatiwi, na haki huhamia kwa anayemfuata. Basi baba au kaka anayetupa dawa ya msingi kwa hasira afahamishwe kwamba hakupewa uwalii kwa ajili hiyo. Na kijana akirejewa na akili, taklifu humrudia. Kwa hiyo naye aulizwe, asizungumzwe kama asiyekuwepo.

Tatu, kapsuli za jelatini. Wanachuoni wametofautiana: je, jelatini iliyotokana na kisichochinjwa kisheria, au na nguruwe, imegeuka kitu kingine hata ikatahirika? Anayeona haikutahirika huiruhusu kwa dharura, pale dawa inapohitajika na mbadala haupo. Hapa elimu ya tiba inaingia katika fiqhi moja kwa moja. Dharura haithibiti kwa kitu ambacho manufaa yake hayakuthibiti. Kwa hiyo kapsuli ya omega-3 yenye jelatini ya shaka haina hoja ya dharura katika maradhi haya, na samaki wa kula yupo. Ama dawa ya msingi iliyothibiti, ikiwa haipatikani isipokuwa katika kapsuli, hukumu yake ni nyingine.

Nne, saumu. Sindano za msuli ambazo hazina lishe hazibatilishi saumu kwa uamuzi wa Baraza hilo katika kikao cha 10, Jeddah, mwaka 1997. Basi mwenye sindano ya dawa ya msingi ya kila mwezi asiahirishe tarehe yake kwa sababu ya Ramadhani. Vidonge vingi vinaweza kupangwa baina ya kufuturu na daku, na vinavyoleta usingizi vikawekwa saa ambayo havimpitishi alfajiri, lakini mpango huo daktari aufanye kabla ya mwezi kuandama. Anayetumia lithiamu ana hatari yake: maji na chumvi vikipungua mwilini kiwango cha dawa hupanda damuni. Akitapika, akayumba au akachanganyikiwa, afungue na apelekwe hospitali. Na benzheksoli inayokausha mdomo huifanya saumu kuwa nzito maradufu, nayo ni sababu nyingine ya kuuliza kama bado inahitajika. Daktari muaminifu akisema funga itamdhuru, rukhsa ya mgonjwa ni ya kwake, wala asifanywe aone aibu.

Tano, nyongeza za mitaani. Miraa na bangi humrudishia mgonjwa sauti na dhana alizopona. Sigara hushusha kiwango cha klozapini na olanzapini katika damu, na akiiacha ghafla kiwango hupanda. Kuacha ni kwema, lakini daktari aambiwe ili arekebishe dozi. Dawa za miti na shamba zinazonywewa juu ya vidonge zitajwe kwa daktari bila kuficha. Ama kisomo cha Qur'ani na dua, hivyo havigombani na kidonge chochote, na anayemsomea mgonjwa asimshurutishe aache dawa yake.

Maswali matatu ya kumfunza mzazi

Kwa ufupi, imamu anayejiwa na mfuko wa dawa asichague kidonge cha kutupa, kwani hiyo si kazi yake. Amfunze mzazi kwenda kliniki na maswali matatu juu ya kila kidonge. Hiki kimeongezwa kwa ajili ya nini? Tutajuaje kwamba kimefaa? Na kitaangaliwa lini ili kiendelee au kipunguzwe? Dawa ya msingi ina majibu yaliyo wazi kwa yote matatu. Nyongeza nzuri pia inayo, kama metformini kwa aliyenenepa au prometazini usiku wa fujo. Nyongeza isiyo na jibu hata moja, daktari mwenyewe mara nyingi atakuwa wa kwanza kuipunguza akiulizwa.

Kanuni ya fiqhi kwamba kilichoruhusiwa kwa dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo tumeizoea katika milango ya chakula na maji. Katika mfuko wa dawa za kijana mgonjwa nayo ina nafasi: kilichoingia kwa haja kitoke haja inapokwisha, na kisichokuwa na budi kibaki, kilindwe. Katika miji yetu wako vijana wanaoswali safuni leo, wanasoma na kufanya kazi, kwa sababu mtu mmoja katika familia alijua kutofautisha baina ya viwili hivyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.